Kamera ya Uani

Nyumba yetu iko barabara ya Kipalapala, pale mji wa Tabora unapokwisha na mashamba yanapoanza. Ukikaa barazani asubuhi na upepo ukiwa wa upande huo, unasikia kengele ya seminari. Nyumba niliijenga polepole, kwa mshahara wa ualimu, na nilipohamia nilikuwa tayari nimestaafu. Kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa mwalimu wa nidhamu, yaani yule ambaye wanafunzi wakimwona kwa mbali wanaficha mikono hata kama haina kitu. Kunusa ndiyo ilikuwa kazi yangu, na mimi nilipostaafu, pua yangu haikustaafu. Nalisema hili mapema kwa sababu aibu ninayotaka kuisimulia ilianzia hapo.

Mama mkwe wangu alikuja kuishi nasi mwezi wa pili tangu tuhamie. Alikuwa peke yake kijijini, mbele ya Kaliua, na goti lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi akawa anakwenda kisimani kwa kupumzika njiani mara tatu. Mke wangu alimbembeleza miaka miwili. Alikataa, na sababu ilikuwa mimi. Si kwamba alinichukia. Kwa wazee wa kwao, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawazoeani. Hawali pamoja, mkwe hamwoni mama akila wala hamwoni bila kitambaa kichwani, na wakikutana njiani mmoja hupisha. "Nikija huko nitakuwa mfungwa," alimwambia binti yake kwa simu. "Nitakula saa ngapi? Mguu nitaunyoosha wapi?"

Jibu lilitoka kwangu, na nililionea fahari. Nyuma ya nyumba nilimjengea chumba chenye mlango wake mwenyewe, unaofungukia uani, jirani na jiko la kuni na stoo. Nikamtuma mke wangu amwambie hivi: ua wa nyuma ni wa kwake. Mimi sitafika huko bila kukohoa. Nitasimama kwenye pembe ya nyumba, penye tanki la maji, nitakohoa, nitangoja. Akiwa amejiweka sawa ataniita nipite. Asiponiita nitarudi nilikotoka, bila kuuliza. Kwa ahadi hiyo, na si kwa jingine, alipanda treni akaja.

Tukaishi hivyo, na tuliishi vizuri. Nilikuwa nakohoa pale penye tanki, naye anajibu kwa ile sauti yake ndogo, "Pita, baba." Nilipita nikitazama chini, nikimwamkia kwa mbali, nikichukua nilichokifuata stoo na kuondoka. Mazungumzo yetu yote yalipita kwa mke wangu. Kuna watu wanaokaa meza moja miaka thelathini na hawajaheshimiana kama tulivyoheshimiana sisi kwa kutotazamana. Mke wangu naye alinenepa kwa furaha. Alikuwa akitoka kazini anakwenda moja kwa moja uani, na mimi niliyekaa sebuleni niliwasikia wakicheka kwa Kinyamwezi, mambo ambayo sikuyaelewa nusu yake na sikutakiwa kuyaelewa.

Halafu mtaani kwetu wizi ukaanza. Jirani wa kushoto aliibiwa mbuzi wawili mchana, jirani wa mbele akang'olewa paneli ya sola juu ya bati. Nikasema nitaweka kamera. Mwanangu aliyeko Mwanza alifurahi, akanitumia pesa na ushauri mwingi kuliko pesa. Nilichukua karatasi ya grafu, nikachora nyumba yangu kwa rula kama ninavyopenda, na nikaweka alama tatu kwa kalamu nyekundu: moja getini, moja mlango wa mbele, moja ubavuni penye dirisha la sebule. Mke wangu aliitazama ile karatasi akiwa amesimama, kikombe mkononi.

"Nyuma usiweke," akasema.

Nikamwambia anaona mwenyewe kwamba sikuweka.

Hilo lilikuwa kweli siku hiyo. Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Stooni nilikuwa na gunia la karanga nililolitoa shambani Ulyankulu, karanga nzuri, nyekundu, za mbegu. Kila nilipokwenda kulitazama nililikuta limeshuka. Nikafanya kama nilivyokuwa nafanya bwenini enzi zangu: nikalifunga kwa fundo la namna yangu, mkia wa kamba umegeukia ukutani. Siku ya tatu nikakohoa, nikaitwa, nikapita, na nikaukuta mkia umegeukia mlangoni. Getini tunafunga kwa kufuli. Mgeni hajaingia. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na nikajiona mwenye akili sana.

Mke wangu angetaka karanga angeniambia. Akabaki mtu mmoja, ambaye sikuthubutu kumtaja hata moyoni. Nilijiambia labda anawapa akina mama wanaopita na kuni, labda anawatumia watu wake wa Kaliua. Nilijiambia sina kinyongo, nataka tu kujua. Mwalimu wa nidhamu siku zote anataka tu kujua. Nikachukua ile karatasi ya grafu nikaongeza alama ya nne kwenye pembe ya nyuma. Hiyo niliichora kwa penseli.

Fundi niliyempata alikuwa mwanamke wa makamo kutoka familia moja ya Waarabu wa mjini. Babu yake, aliniambia, aliuza nguo na chumvi. Yeye anauza kamera. Alivaa suruali ndani ya baibui na ngazi alipanda mwenyewe, mimi nikishika miguu ya ngazi. Hakuanza na bei. Alianza kwa kuzunguka kiwanja chote kimyakimya, chaki mkononi, akiweka alama ndogo ukutani na kuzifuta. Aliniambia kamera ya getini ishuke kidogo, maana ikiwa juu mno itakuonyesha kofia ya mwizi na si sura yake. Ile ya mlango wa mbele aliigeuza, akasema jua la jioni lingeipofusha. Akaniuliza umeme wa huku unakatika kwa muda gani, akapendekeza betri ya kushikilia mashine ya kurekodi. Nilimpenda kwa kazi yake. Ni mtu ambaye ningemtaka darasani.

Swali lake la kwanza kabisa, kabla ya lile la umeme, lilikuwa hili: "Mwalimu, unamwogopa nani?"

Nikasema wezi.

"Wa nje?"

Nikasema sasa wezi wengine ni wa wapi. Akacheka kidogo, akasema yeye huuliza kwa sababu wapo wateja wanaomwogopa mtu wa ndani, na hao huwa anawarudisha nyumbani wakafanye kikao, kwa kuwa kamera haitawasaidia. Nikacheka naye.

Alikuwa na namna yake ya kupima. Kabla ya kutoboa ukuta, alifunga kamera kwa muda kwa vibano, akaiunganisha na simu yangu, akanipa niishike, kisha yeye mwenyewe akajifanya mwizi. Alinyata kutoka getini kwa kuinama, baibui ameikunja, akiniuliza kwa sauti, "Unaniona? Na hapa?" Pale nilipompoteza alichora msalaba chini kwa chaki. Nilicheka kweli asubuhi ile. Tulimaliza kupima kamera tatu kwa furaha kabisa, na kama ningemlipa pale na kumsindikiza, leo nisingekuwa na la kuandika.

Baada ya chakula cha mchana nikamwonyesha alama ya penseli.

Aliitazama karatasi, kisha akanitazama. Akasema uani kwa wanawake yeye haweki mpaka wenyewe wamkubalie kwa mdomo wao. Akauliza nani wanakaa nyuma. Nikamwambia mama mkwe wangu, na mke wangu ambaye siku hiyo alikuwa amekwenda jumuiya.

"Umeongea nao?"

"Nimeshaongea nao."

"Wote wawili?"

"Wote wawili," nikasema. Akataka kumsalimia mama mkwe amsikie mwenyewe, nikamwambia amelala, goti limemsumbua, na kwamba alikwisha kubali tangu jana. Nilisema hivyo bila kupepesa. Miaka mingi nilikuwa nikiwatambua waongo kwa macho yao, na sasa najua kwamba wale walionishinda walikuwa wazuri tu kama nilivyokuwa mimi.

Hatukuhitaji kuingia uani. Alisimamisha ngazi penye tanki la maji, pembe ileile ninayosimama kukohoa, akafunga kamera chini ya bati ikatazama ua mzima. Nilikuwa nimeshika ngazi na koo liliniwasha kwa vumbi la ukuta. Nikalimeza. Nakumbuka kulimeza kuliko ninavyokumbuka mambo mengi makubwa ya maisha yangu. Fundi akashuka, akasema waya aliokuja nao hautafika, anakwenda kufuata mwingine kwenye bajaji yake nje ya geti. Nikaingia sebuleni na simu yangu, nikakaa.

Ua ulikuwa mtupu. Baadaye mlango wa chumba ukafunguka na mama mkwe wangu akatoka.

Alisimama kidogo akisikiliza. Hakusikia kikohozi. Akavua kitambaa kichwani, akakikung'uta, akakitundika kwenye kamba. Nywele zake zilikuwa chache na nyeupe, zimesukwa mistari minne ambayo lazima mke wangu ndiye aliyeisuka. Akakaa mkekani kwa shida, kwanza mkono, halafu upande, halafu yote, akanyoosha miguu na kupandisha kitenge juu ya goti. Akalichua kwa mafuta, taratibu, akiliambia kitu. Kisha akavuta sufuria iliyokuwa jikoni, akaanza kukwangua ukoko na kuula kwa vidole. Mimi nilikuwa nimekula wali mlaini mchana ule, sahani imefunikwa kawa.

Hapo nilipaswa kuizima simu. Nilipaswa kuizima alipoweka mkono kwenye kitambaa. Sitasema nilishtuka nikashindwa, au kwamba sikujua kitufe kiko wapi. Nilijua. Sikuizima kwa sababu nilikuwa nangoja bakuli.

Na bakuli likaja. Alijinyanyua, akaingia stoo, akatoka na karanga bakuli moja. Moyo wangu uliruka kwa ushindi, na ushindi huo ndio ninaouonea aibu kuliko hata goti lake. Akakaa tena. Akazimwaga kwenye ungo, akazichambua moja moja, zilizooza akiwatupia kuku. Akazikaanga kwenye kikaango cha udongo, akapepeta maganda, akasogeza kinu. Kando yake kulikuwa na rundo la mlenda uliokwisha kukatwa. Nikakumbuka mlenda wa karanga niliokula juzi, na kisamvu cha wiki iliyopita, na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, yaliyoletwa na chai yakiwa na karanga juu yake. Nilikuwa nimemsifia mke wangu. Nilimwambia tangu tuhamie amejua kupika, naye alitabasamu tu. Karanga zangu zilikuwa zinakwenda tumboni mwangu, kila siku, kwa mkono wa mtu niliyekuwa namtega.

Kiganja kikafunika simu. Fundi alikuwa amerudi na waya begani, na sikumsikia.

"Yule ndiye mama mkwe?"

Nikaitikia.

"Anajua?"

Nikaiweka simu mezani. Alinitazama kidogo tu, bila ukali. Ukali ningeuweza. Akaweka waya chini, akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka nyumba, na nikamsikia akipiga hodi penye tanki la maji. Akangoja. Akakaribishwa. Mimi nilisimama kwenye korido, penye kidirisha cha juu, nikisikia kila neno. Alimwamkia shikamoo, akaketi chini naye, akamweleza bila kuzungukazunguka: kwamba yeye ni fundi kamera, kwamba pale juu kuna kamera imewekwa kwa majaribio, kwamba yeye aliambiwa mama ameridhia, na kwamba sasa hivi anapanda kuitoa mbele ya macho yake.

Nikasikia kinu kikisogezwa kando. Kisha nikaisikia ile sauti ndogo.

"Baba alikuwa anaangalia?"

"Simu ilikuwa mkononi mwake, mama."

"Haya," akasema.

Nikasikia ngazi, na vibano vikifunguliwa, na fundi akimwambia tayari. Aliporudi sebuleni alikusanya vifaa vyake na kusema kamera tatu atakuja kuzifunga kesho, kama bado nazitaka. Ile karatasi ya grafu aliiacha mezani. Alama ya penseli alikuwa ameifuta kwa kidole, ikabaki doa.

Jioni tulikula mlenda mtupu, usio na karanga. Mke wangu alionja, akaweka tonge, akaenda uani. Alikaa huko hadi chakula changu kikapoa. Aliporudi hakukaa.

"Mayu anataka nimpeleke stesheni," alisema, akimtaja mama yake kwa Kinyamwezi. "Anasema goti limepona."

Nikaanza kueleza. Nilisema ni majaribio, ni bahati mbaya, fundi alihitaji kupima pembe. Nilimweleza vizuri, kwa hoja, kama ninavyojua. Alinisikiliza hadi mwisho, akaenda kumweleza mama yake, maana mimi mwenyewe siwezi kusimama mbele yake nikajieleza. Mila inayomlinda yeye na macho yangu inanizuia mimi kuomba radhi kwa mdomo wangu. Baada ya muda akarudi.

"Anasema kuhusu kuonwa, wewe ni kama mtoto wake, Mungu atakusamehe. Anauliza ulikuwa unatafuta nini."

Wanafunzi wangu wote niliowahi kuwauliza swali hilo nikiwa nimekaa na wao wamesimama, nawaomba radhi hapa. Nilimwambia mke wangu. Nilimwambia gunia, na fundo, na mkia wa kamba. Kila neno lilikuwa dogo kuliko lilivyokuwa kichwani mwangu. Yeye hakupaza sauti. Alikaa kwenye mkono wa kochi, akatazama mikono yake.

"Aliniambia nisikwambie ni yeye anayepika," alisema. "Alisema ukijua hutakula kwa raha."

Halafu akarudi uani kumwambia mama yake kwamba mkwewe alimdhania mwizi wa karanga. Nilimwomba asimwambie. Akasema ameulizwa.

Mama mkwe hakuondoka. Shemeji yangu alikuja kutoka Kaliua, mambo yakazungumzwa na wanaostahili kuyazungumza, nikatoa jozi ya kitenge na kuku kama nilivyoelekezwa, vikapokelewa. Karanga zimerudi kwenye mboga. Mke wangu ananicheka mara mojamoja, akiniuliza mbele ya wageni kama nimehesabu punje za sahanini, na ninapochekwa nashukuru, kwa sababu siku ambazo alikuwa hanicheki zilikuwa mbaya. Kamera tatu zinafanya kazi. Zimenionyesha mbwa wa jirani, watoto wa shule, na mimi mwenyewe nikirudi sokoni na mfuko. Alama mbili za vibano chini ya bati la nyuma nilizisugua na kuzipaka rangi. Mke wangu alimchukua mama yake kwa mkono akamwonyesha kwamba hakuna kitu, na bibi akaitikia kwamba ameona, hakuna kitu.

Lakini sasa anakohoa. Kila anapofungua mlango wa chumba chake ili atoke uani kwake, husimama kizingitini, huinua uso kuelekea pembe ile, na kukohoa. Kisha hungoja.

Mara ya kwanza niliposikia nilidhani amepata mafua. Nilipoelewa, nilibaki nimekaa sebuleni na gazeti, bila kujua la kufanya. Nikimjibu "Pita, mama," nitakuwa nimemwambia kwamba kweli namwona. Nikinyamaza, anabaki amesimama pale kizingitini na goti lake, kwa sababu kwa ahadi niliyoitunga mimi mwenyewe, asiyeitwa hapiti.

Kwa hiyo kila adhuhuri, kabla hajatoka chumbani baada ya usingizi wake mdogo wa mchana, navaa viatu na kutoka. Nalifungua geti kwa kelele na kulifunga kwa kelele zaidi, ili ajue nimeondoka na simu yangu na macho yangu. Natembea hadi barabarani, nasimama kivulini kama mtu anayengoja gari. Huwa inachukua muda. Nikisikia mchi umeanza kwenye kinu, najua ametoka, nami naendelea kusimama pale hadi amalize.